Papa au kibua, sangara au ngege: kumchagulia samaki mama mjamzito wa Malindi

Hapa Malindi swali la zebaki kwenye samaki huja kwa sura moja: hawa samaki wa bara, ngege na omena wanaoletwa kutoka Ziwa Viktoria, ni salama kwa mwenye mimba? Watu wamesikia habari za wachimbaji wa Migori wanaoikamata dhahabu kwa zebaki, kisha wanauchoma mchanganyiko huo juu ya moto wa wazi, na maji yaliyobaki yanateremkia mitoni. Hofu hiyo ina msingi. Tatizo ni kwamba katika nyumba nyingi zinazoiogopa omena, kipande cha papa ng'onda kimelowekwa tayari kwa mchuzi wa nazi wa jioni, na juu ya hicho hakuna anayeuliza kitu.

Nimeona basi niwaweke samaki wetu wawili wawili, wa bahari na wa maji baridi, ili mwenye mimba, anayenyonyesha na anayelisha mtoto mdogo aweze kuchagua akiwa palepale sokoni. Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa upande wa zebaki, maji aliyotoka samaki yana uzito mdogo kuliko mambo mawili: alikuwa anakula nini, na ameishi muda gani. Samaki anayeuzwa mzima, kwa fungu au kwa mtungo, karibu kila mara ni chaguo jema kuliko anayeuzwa kwa kipande.

Matope ndiyo yanayoiharibu

Zebaki hufika hewani kutokana na uchimbaji mdogo wa dhahabu, ambao peke yake huchangia zaidi ya theluthi moja ya zebaki yote inayopelekwa huko na shughuli za binadamu. Baada yake yanakuja makaa ya mawe. Mvuke wake husafiri mbali, ukashuka na mvua kwenye ziwa ambalo halijawahi kuona mgodi.

Ikiwa bado ni zebaki ya kawaida ndani ya maji, samaki hawaikusanyi sana. Kinachoibadilisha ni bakteria wanaoishi kwenye matope yasiyo na hewa: chini ya kinamasi, kwenye mashamba ya mpunga yaliyofurika, kwenye vilindi vya ziwa, chini ya mizizi ya mikoko. Hao huigeuza kuwa zebaki ya methili, na hii ndiyo inayopanda ngazi kwa ngazi. Mwani huinyonya, vidudu vidogo hula mwani, dagaa hula vidudu, samaki wa kati hula dagaa, na mwindaji mkubwa huwala wote. Kila ngazi inapokea zaidi ya inachoweza kutoa. Ukifika juu, nyama ya samaki inaweza kuwa na kiwango mara milioni moja au zaidi kuliko maji aliyokuwa akiogelea.

Ndiyo maana kuwepo kwa mgodi si kipimo pekee. Vinamasi vya Everglades, kule Florida, havina mgodi wa dhahabu, na bado wakazi huonywa wasile ovyo samaki wawindaji wa humo. Zebaki inashuka na mvua, salfeti inatiririka kutoka mashambani na kuwalisha bakteria, na matope yanafanya yaliyobaki. Kinyume chake, penye mgodi na taka, hali huwa mbaya sana. Kaskazini-magharibi mwa Ontario, nchini Kanada, kiwanda kimoja cha Dryden kilimwaga takriban tani 9 za zebaki katika mto Wabigoon kati ya 1962 na 1970. Watu wa jamii ya Grassy Narrows, waliokuwa wakiishi kwa samaki wa mto huo, wanateseka mpaka leo. Huo ulikuwa mto wa maji baridi, mbali kabisa na bahari ya Minamata kule Japani, ambako ugonjwa wa sumu hii ya zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Mtu akila samaki mwenye zebaki ya methili, karibu yote huingia damuni. Hupita kwenye kondo la nyuma na kufika kwenye ubongo wa mtoto unaojengwa. Na jambo la jikoni ambalo watu hulikosea: haiondoki kwa kuosha, kutia ndimu, kuchemsha wala kukaanga, kwa sababu imeshikamana na protini ya nyama yenyewe. Kutoa ngozi na mafuta hakusaidii.

Kipimo cha sahani

Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, iliweka mwaka 2003 kiwango cha mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wa mtu, kwa wiki. Mama wa kilo 60 ana nafasi ya mikrogramu 96 hivi kwa wiki. Kiwango hicho kina akiba ya usalama ndani yake, kwa hiyo kukipita wiki moja hakumaanishi kulishwa sumu; kukipita wiki baada ya wiki ndiko kunakotia wasiwasi.

Vipimo vya samaki nitakavyotumia ni wastani uliotolewa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kutokana na samaki wa masoko yao. Vinafaa kulinganisha aina na aina. Havimpimi samaki aliyelala mbele yako juu ya meza ya mchuuzi. Sahani nitakayohesabia ni ya gramu 150 za nyama.

Papa ng'onda na kibua

Nianze na hapa kwa sababu hapa ndipo penye pengo kubwa kuliko pote, na ndipo mazoea yetu yalipo.

Papa anakua polepole, anaishi miaka mingi na yuko juu kabisa ya ngazi. Wastani wa FDA kwa papa ni karibu miligramu 0.98 kwa kilo. Sahani moja inampa mama mikrogramu 147: amekwisha kuipita nafasi ya wiki nzima kwa mlo mmoja wa mchana. Na hiyo ni hesabu ya papa mbichi. Papa ng'onda amepoteza maji na zebaki imebaki, maana kilo moja ya papa mkavu imetokana na kilo mbili au zaidi za mbichi. Mtu anaweza kusema kipande cha papa mkavu huwa kidogo na mchuzi ni mwingi, na ni kweli. Lakini hicho kidogo kimekolea.

Kibua hula vidudu vinavyoelea majini, hakui sana, na haishi muda mrefu. Jamaa yake wa Atlantiki ana wastani wa 0.05, yaani mikrogramu 7.5 kwa sahani. Simu na dagaa wa bahari wako chini zaidi: dagaa wa Marekani wana 0.013, mikrogramu 2 kwa sahani. Ukigawa 96 kwa 2 utaona mwenyewe kwamba tumbo litajaa kabla zebaki haijawa na neno. Na hawa wadogo ndio wenye mafuta yale ambayo ubongo wa mtoto unayahitaji, pamoja na kalisi ya mifupa kwa anayewala wazima.

Nilipolisema hili mbele ya shangazi yangu, alinijibu bila kuacha kukuna nazi: "Mwanangu, mimi nimezaa kwa mchuzi wa papa huu huu, na wanangu wote wana akili zao." Nikamwambia, "Shangazi, sikatai. Lakini huyu mkwe wako ndiyo mimba yake ya kwanza, tumpikie vibua hii miezi, papa atamngoja." Alikubali, ila kwa sharti kwamba vibua vipikwe kwa nazi na si kukaangwa.

Jibu lake lina ukweli ndani yake ambao haufai kupuuzwa. Madhara ya kiwango hiki si ugonjwa unaoonekana kwa macho. Ni upungufu mdogo katika kumbukumbu, lugha, umakini na wepesi wa mikono, ambao huonekana ukiwapima watoto wengi pamoja. Na jirani zetu wa Shelisheli wana somo la kutufundisha. Huko watafiti wamewafuatilia watoto kwa miongo kadhaa. Mama zao walikuwa wakila samaki wastani wa milo 12 kwa wiki, wengi wao wakiwa samaki wa kawaida wa baharini, na kwa ujumla hawakuona madhara yanayojirudia ya zebaki hiyo. Kwenye visiwa vya Faroe, ambako mama walikuwa wakila nyama ya nyangumi aliye juu ya ngazi, watafiti waliona watoto waliopungukiwa. Kwa hiyo kumwambia mjamzito wa Pwani aache samaki ni kumwondolea chakula bora alicho nacho karibu. Aendelee kula, abadilishe aina tu.

Papa namweka kando kabisa kwa mwenye mimba. Samsuli na sulisuli, wale wanaoletwa na boti za uvuvi wa michezo, nawaweka hapo hapo.

Nguru na tafi

Nguru ni samaki wa heshima. Mgeni akija, nguru hukatwa. Jamaa yake mkubwa wa Atlantiki ana wastani wa 0.73, na FDA inawaambia wajawazito wamwepuke. Nguru wetu ni aina nyingine, hivyo sitamhukumu kwa tarakimu za ndugu yake, lakini tabia ni ile ile: mwindaji, mwepesi, anayekula samaki wenzake. Nguru mdogo anayetosha familia moja si sawa na yule anayebebwa na watu wawili kutoka mashuani. Kwa mjamzito ningesema kipande kimoja kidogo mara moja moja, na cha nguru mdogo.

Tafi hula nyasi za bahari na mwani. Hana ngazi ya kupanda. Ndiye samaki ambaye ningependa amjaze mama sahani bila hesabu yoyote. Changu yuko katikati, anakula kaa na konokono na samaki wadogo. Mara moja au mbili kwa wiki hakuna shida. Chewa mkubwa yuko karibu na wawindaji wakubwa, kwa sababu anaishi miaka mingi pale pale mwambani: wastani wa jamii yake ni 0.45. Pono naye hula mwani na ana zebaki kidogo, ila kwa kuwa yeye ndiye msafishaji wa matumbawe yetu, nikiwa na tafi na pono meza moja nitanunua tafi.

Pweza, ngisi na kamba wa Ghuba ya Ungwana wako chini. Sina haja ya kurefusha.

Jodari na sehewa

Jodari mkubwa wa kukatwa vipande ana 0.35 kwa wastani, mikrogramu 53 kwa sahani. Sahani mbili kwa wiki zinavuka mstari. Sehewa ni mdogo, na jamaa zake wanaotiwa kwenye mikebe wana 0.13 hivi, mikrogramu 19. Kwa anayenunua samaki wa mkebe dukani, achague ule wenye nyama ya jodari wadogo.

Sangara, ngege na omena: sasa twende ziwani

Hapa ndipo hofu ya watu ilipo, na hapa ndipo kanuni ya ngazi inapoonekana wazi. Samaki watatu, ziwa moja, migodi ile ile.

Omena ni mdogo, maisha yake ni mafupi, na hula vidudu vya majini. Ngege hula mwani na majani yaliyooza, na anakua haraka katika maji ya joto, kiasi kwamba nyama inaongezeka kuliko zebaki inavyoongezeka. Ngege wa masoko ya Marekani, wengi wao wakiwa wa kufugwa, ana wastani wa 0.013, sawa na dagaa. Sangara ni mgeni aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950, mlaji wa samaki wenzake, anayeweza kupita kilo 100 akiachwa. Watafiti waliopima samaki wa Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa ziwa hilo, walikuta wengi wako chini ya kikomo cha biashara cha miligramu 0.5 kwa kilo, na waliopanda walikuwa sangara, hasa wakubwa.

Kwa hiyo anayekula ngege na omena kwa kuogopa papa amefanya sawa. Anayekula papa kwa kuogopa omena amekimbilia kule kule alikokuwa anakukimbia. Na minofu ya sangara inayouzwa kwenye majokofu ya madukani, ambayo huwezi kujua samaki wake alikuwa na ukubwa gani, ningeila mara moja kwa wiki, si zaidi.

Sisemi migodi isahauliwe. Anayeishi kando ya vijito vya Migori, na zaidi mama anayechoma zebaki kwenye kikaango nyumbani, yuko katika hatari kubwa kuliko sisi walaji wa mbali, kwa sababu yeye anavuta mvuke wenyewe. Kuna habari njema pia inayotokana na maziwa. Katika eneo la maziwa ya utafiti huko huko Ontario, wanasayansi walitia zebaki yenye alama maalumu katika ziwa moja dogo kwa miaka 7 kuanzia 2001, kisha wakaacha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: miaka 8 baada ya kuacha, zebaki ya methili yenye alama ile ilikuwa imeshuka kwa asilimia 38 hadi 76 katika samaki wakubwa wa ziwa hilo, kutegemea aina. Ziwa likiachwa kutiliwa zebaki mpya, samaki wanapungukiwa zebaki katika umri wa mtu kuweza kuona. Ndiyo maana mimi niliifuata kwa karibu kesi ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, Lamu, mpaka leseni yake ya mazingira ilipofutwa Juni 2019. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na nimeshasema matope ya mikoko hufanya nini na zebaki inayoshuka.

Kambare wa Tana na mkizi wa Sabaki

Kwenye Delta ya Tana, ambayo imo katika orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu, tangu 2012, kambare hupatikana kwa wingi baada ya mafuriko, na huletwa mpaka Malindi akiwa mbichi au wa kubanikwa. Huyu hana msimamo mmoja: hula chochote, wadudu, mimea, vyura, samaki. Kambare wa urefu wa mkono mpaka kiwiko hanitii wasiwasi. Kambare mzee, yule anayekatwa vipande, nampa nafasi sawa na changu au chini yake.

Ila delta ina jambo lake. Ardhi kavu ikifurika upya, majani na miti huoza chini ya maji, hewa inaisha kwenye matope, na bakteria wanapata kazi. Kwenye mabwawa mapya ya umeme ya Quebec, zebaki katika samaki wawindaji ilipanda sana baada ya ardhi kufurishwa, na ilichukua miongo miwili mpaka mitatu kurudi ilikokuwa. Mafuriko ya msimu si sawa na bwawa jipya, lakini mwelekeo ni huo. Kwa hiyo kutoka vinamasi vya Tana, na kutoka bwawa lolote jipya, ningechagua ngege kabla ya kambare, na kambare mdogo kabla ya mkubwa. Mkunga wa mtoni, anayekaa humo miaka mingi kabla ya kushuka baharini kuzaa, nampeleka upande wa wawindaji.

Sabaki watu huuliza kwa sababu ya rangi yake: mvua ikinyesha, bahari ya Malindi inageuka kahawia, na wote tunajua mto huo unakusanya maji yake tangu upande wa Nairobi. Mkizi wa mlangoni mwa mto hula uchafu laini wa matope na mwani, na jamii yake ina wastani wa 0.05. Kwa zebaki namkubali. Kwa vijidudu vya maji machafu, huyo ni samaki wa kupikwa akaiva sawasawa, na hilo ni swali jingine lisilochanganywa na hili. Mwatiko wa kufugwa kwenye mabwawa ya Ngomeni naye hula mwani, na ningemnunua bila kusita.

Jambo moja pembeni, kwa sababu ni zebaki ile ile na nyumba ile ile. Baadhi ya krimu za kujichubua, mikorogo inayouzwa kwenye vikopo visivyo na orodha ya vilivyomo, zimetiwa zebaki. Hiyo hupenya kwenye ngozi na kuumiza figo, na mtoto anayebebwa na mama aliyejipaka huipata pia. Mama anayepima samaki kwa uangalifu huku amejipaka krimu hiyo hajajikinga.

Wiki ya kawaida ningeipanga hivi kwa mjamzito wa Malindi: simu, vibua, tafi au ngege mara mbili au tatu, ndio waendelee kuwa msingi, changu au kambare mdogo mara moja akipenda, pweza na kamba wakipatikana. Nguru kwa shughuli tu. Mtoto wa miaka miwili apewe aina zile zile, kipande cha ukubwa wa kiganja chake.

Aliyekwisha kula papa miezi ya mwanzo ya mimba asikae na hofu wala asiache samaki. Nusu ya zebaki ya methili hutoka mwilini kwa siku 50 hadi 70 hivi, na kila wiki ya vibua inaisaidia kushuka. Anayepanga kushika mimba ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi: akipumzisha papa, samsuli na jodari mkubwa miezi 6 kabla, kitakachobaki mwilini ni karibu sehemu moja kwa nane ya alichoanza nacho.